Mjusi wa bluu wa Kimboza: ni halali kumkamata na kumuuza?

KijanaWaMoro
Wakuu, habari za jioni. Kuna jamaa kanitumia picha ya mjusi mdogo, bluu iliyokoza, tumbo rangi ya chungwa. Anasema wanapatikana msitu wa Kimboza, njia ya Matombo, na kwamba wageni wananunua kwa bei nzuri. Anataka nimtafutie vijana wa kuwakusanya. Kweli wapo huko tu? Na sheria inasemaje?

Mama wa Mkuyuni
Mwanangu, achana na huyo jamaa. Mimi ni mtu wa Mkuyuni, Kimboza naijua. Mjusi huyo, wataalamu wanamwita Lygodactylus williamsi, hana kwao kwingine duniani: ni Kimboza, msitu wa Ruvu ulio jirani, na vipande vidogo vya msitu hapohapo chini ya milima ya Uluguru. Na Kimboza yenyewe ni hekta kama 400 tu.

Halafu usidhani yuko kila mti. Anakaa kwenye mkadi, ule wenye majani marefu kama panga, miiba pembeni, unaoota katikati ya mawe ya chokaa. Simama chini yake jua likiwa limepanda, utulie. Utaona jani linacheza kidogo, kisha dume anajitokeza: bluu tupu, koo jeusi, anatikisa kichwa kumtisha mwenzake. Mwili mzima na mkia haupiti kidole chako. Jike ni wa kijani, wengi wanampita bila kumwona. Mayai yake, moja au mawili, anayabandika hukohuko juu. Kula, kuzaa, kulala, yote ni mkadini.

Sasa sikia kinachoniuma. Mkadi una miiba na ni mrefu, kuupanda ni kazi. Wakusanyaji walikuwa wanaukata, unaanguka, wanaokota mijusi kwenye majani. Mti mmoja ukilala, dume, majike, watoto na mayai vyote vimekosa makazi, na mkadi kukua hadi kufika ule urefu si jambo la mwaka mmoja. Watafiti walikadiria kwamba kati ya 2004 na 2009 kundi moja tu la wakusanyaji lilitoa mijusi zaidi ya 32,000. Kundi moja! Huyo anayekutafutia vijana anataka wakamalizie waliobaki.

Mzee Kibali
Naongezea upande wa sheria. Kukamata mnyamapori bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mwaka huohuo nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, walikutana Johannesburg wakamweka mjusi huyu Kiambatisho cha Kwanza, uamuzi ukaanza kufanya kazi Januari 2017. Maana yake, aliyetoka porini hauzwi kimataifa kibiashara. Vijana wako watakamatwa, jamaa atazima simu.

KijanaWaMoro
Nimewaelewa, shikamooni. Ila anasema mbona Ulaya wanafugwa na kuuzwa hadharani?

Mama wa Mkuyuni
Marahaba. Wanafugwa, ndiyo, na wanazaliana hukohuko. Lakini mbegu ya kwanza ilitoka kwenye mikadi yetu, na Tanzania haikuwahi kutoa kibali cha kumsafirisha kwa jina lake. Walipita kwa karatasi za mijusi wengine. Kama kweli kule wapo wa kufugwa wa kutosha, wa Kimboza anawatakia nini?

Ukitaka kumwona, njoo kihalali. Pitia ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, pale Morogoro upate kibali cha kuingia msituni, uongozane na mtu wa kijiji anayejua mikadi ilipo. Beba darubini maana anakaa juu, vaa viatu vya kufunika mguu kwa sababu yale mawe yana makali, na usitikise mti.

KijanaWaMoro
Asante mama. Namba yake nimeshaifuta. Kibali nitakwenda kuulizia Jumatatu.