Rangi tatu nyeupe za ukuta zinafanana dukani, sebuleni ipi itafaa?

BintTudor: Hamjambo wenzangu. Nyumba iko Tudor, Mombasa. Sebule ni mita 4 kwa 3.5, kuta zina kimo cha 2.7. Dirisha linatazama magharibi, sakafu ni saruji nyekundu. Chumba cha kulala kinatazama kusini. Nimebaki na nyeupe kabisa, nyeupe yenye umanjano wa mbali na nyeupe yenye ukijivu. Moja itatosha nyumba nzima?

FundiKisauni: Dada, kile kikadi cha sampuli za rangi cha dukani hakiamui kitu. Tafuta vipande vya plaiwudi vya sentimita 60 kwa 60, kila rangi na chake, upige koti mbili na zikauke kabisa. Vihamishe ukuta hadi ukuta: asubuhi, saa kumi alasiri, na usiku taa zikiwaka. Weka karatasi nyeupe ubavuni, hapo umanjano na ukijivu hujitokeza wazi. Usijaribu juu ya rangi ya zamani. Ukuta wa krimu hulidanganya jicho.
Kwa sebule chukua ya kijivu. Jua la alasiri lina umanjano, na sakafu yako hurusha wekundu sehemu ya chini ya ukuta. Ile ya manjano itageuka krimu tupu.

AbuYusuf: Naam, ila chumbani usiirudie hiyo ya kijivu. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini yetu, dirisha la kusini halipati miale, na ukuta utapooza kama saruji. Huko weka ya manjano. Angalia na taa pia: balbu ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6500 huleta ubuluu, ya 3000 huleta umanjano.

BintTudor: Shukran. Ninunue kiasi gani? Na chini ya dirisha ukuta unatoa unga wa chumvi.

FundiKisauni: Toa mlango na dirisha, sebule inabaki kama mita 35 za mraba. Koti mbili ni 70, na lita moja hupaka takriban mita 10, kwa hiyo lita 7: makopo mawili ya lita 4. Yachanganye kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, maana makopo ya mchanganyo tofauti hupishana kidogo na kiungo kitaonekana katikati ya ukuta.
Chumvi ipigwe brashi kavu. Ukiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani. Kwanza tafuta unyevu unaingilia wapi, uzibe, ukuta ukauke, ndipo upake. La sivyo rangi yoyote itabambuka. Hapo tumia ya mati, isiyong'aa, kwa sababu yenye mng'ao huonyesha kila kiraka.

AbuYusuf: Na milango usiipake nyeupe ya mafuta ukitaka ibaki nyeupe. Ndani, pasipo mwanga, hugeuka manjano. Tafuta glosi ya maji, yaani rangi ya kung'aa isiyo ya mafuta.