Tupeane uzoefu: betri hizi ndogo za kidonge zimewahi kukutia hasara gani?

Mkono Mzito
Wakuu, leo nimemkuta mdogo wangu anachokonoa mizani ya kupimia uzito kwa ncha ya kisu, anatafuta betri. Nikakumbuka aibu yangu.

Rimoti yangu ya gari ilikufa. Nikafungua, betri ya ndani imeandikwa CR2032. Kwenye droo nilikuwa na CR2016 mbili, mpya kabisa. Nikazipanga moja juu ya nyingine, zikakaa pale kama zilizaliwa hapo, hata kifuniko kikafunga bila kulazimishwa. Nikajiona fundi. Nikabonyeza. Kile kitaa kikawaka kwa mwanga ambao sijawahi kukiona nao tangu ninunue gari, kikazima. Mpaka leo hakijawaka.

Fundi wa funguo hakufungua hata kasha. Aliniuliza neno moja tu: "Uliweka ngapi?"

Haya, nanyi semeni, nisiwe mjinga peke yangu.

Namba Haidanganyi
Pole mkuu, lakini nimecheka. Umeingia mtego wenyewe. Zile namba ni vipimo: 20 ni kipenyo, milimita 20. Mbili za mwisho ni unene, 32 maana yake milimita 3.2, na 16 ni 1.6. Sasa 1.6 mara mbili ni ngapi? Ndiyo maana kifuniko kilifunga. Ila kila moja ina volti 3, na ukizibebanisha unapata 6. Saketi iliyozoea 3 umeipiga 6, ulitaka ifanyeje?

Zuhura wa Droo
Mimi yalinikuta kinyume chake. Kifaa kinataka CR2016 mbili, nikaweka CR2032 moja kwa sababu imeenea. Kikanyamaza kimya. Nilikuwa nishakitupa ndipo nikasoma maandishi ya kwenye kifuniko.

Kibibi
Droo hiyohiyo na mimi ninayo 😂

Kalipa
Mnaongelea hizo CR za lithiamu tu, ngoja niwaletee za ukubwa wa kifungo cha shati. Kalipa yangu ya kidijitali, kile kifaa cha kupimia unene na kipenyo, inatumia LR44. Kila baada ya muda mfupi namba zinaanza kupepesa, nabadilisha. Mwaka mzima nalaani kalipa. Mzee mmoja karakana akaniambia weka SR44, umbo ni lilelile. Tangu siku ile nimesahau kama ina betri.

LR ni alkali, inaanza na volti 1.5 halafu inateremka taratibu kama maji ya ndoo iliyotoboka. SR ni ya oksidi ya fedha, 1.55, inashikilia hapohapo karibu mpaka mwisho, kisha inakata. Kifaa cha kupima kinachagua volti, hakipendi mteremko.

Bwana Rahisi
Hayo ni maneno ya wauzaji. Kalkuleta yangu ina LR44 miaka mingi na inajumlisha vizuri tu.

Kalipa
Kalkuleta yako ina kipande cha sola pale juu, ndugu yangu. Betri inalala.

Bwana Rahisi
Na hata ikilala haijanisumbua. Ninyi mnapenda kununua majina. Nimewahi kuona pakiti moja imeandikwa LR44, AG13, A76, L1154, yote kwa betri moja. Sasa hapo nani anamdanganya nani?

Namba Haidanganyi
Hakuna anayedanganya hapo, ni majina manne ya kitu kimoja. Angalia herufi ya kwanza. L alkali, S fedha, C lithiamu, P inapumua hewa. Kwa saa ya mkononi fuata S. Ya kwangu nyuma imeandikwa 377, hiyo ndiyo SR626SW. Ile AG4 inaingia na saa itatembea, ila usije ukashangaa ikifa mapema, na ikivuja itakula mtambo.

Mjukuu wa Nne
Hiyo ya kupumua hewa imenikumbusha babu. Kifaa chake cha kusikia kinatumia zile zenye kibandiko cha bluu, 675. Pakiti ina sita. Siku moja babu akaamua kujirahisishia kazi, akabandua vibandiko vyote sita kwa mkupuo, akazipanga kwenye kikopo. Baada ya wiki kadhaa akawa analalamika kwamba watu wa siku hizi wananong'ona.

Kibandiko kile kinaziba matundu. Ukikibandua hewa inaingia na betri imeshaanza kazi, uitumie usiitumie. Kukirudisha hakusaidii sana. Sasa babu haruhusiwi kugusa pakiti, na amekasirika.

Kibibi
"Watu wa siku hizi wananong'ona" 😭😭

Zuhura wa Droo
Mimi nilishawahi kuweka ya namna hiyo kwenye saa ya ukutani kwa sababu ilienea. Sikuficha, nimesema.

Mama Pacha
Nimesoma mnacheka na sikutaka kuandika, ila acha niandike.

Nilibadilisha betri ya mizani, hii CR2032. Ya zamani nikaiweka ukingoni mwa meza, nikasema nitaitupa. Ilikuwa imekufa, mizani haikuwa inawaka kabisa. Nikaenda kuitika simu.

Jioni mmoja wa pacha, alikuwa na mwaka na miezi minane, akawa anatokwa na mate sana na anakataa kula. Nikasema meno. Akakohoa kidogo, nikasema mafua. Mwenzake mzima. Nilipopanga meza ndipo nikaona ile betri haipo. Nikatafuta chini ya kabati, nikapekua mifuko, nikamwaga takataka zote sakafuni. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka hata tochi siwezi kuishika. Nikamwangalia mtoto, nikamchukua vilevile bila viatu.

Hospitali wa kwanza kutupokea alisema pengine sarafu, tusubiri itoke. Nikamwambia sio sarafu, ni betri. Nilipandisha sauti. Wakapiga eksirei. Yule daktari aliyeshika picha akasimama. Ukingoni kulikuwa na duara mbili, moja ndani ya nyingine. Akaniambia sarafu haina duara ya ndani.

Ilikuwa imekwama kwenye umio. Waliitoa kwa mpira wenye kamera. Ile sehemu iliyogusa nyama ilikuwa nyeusi. Nikawauliza inawezekanaje, betri imekufa. Akanijibu kwamba kwa mizani imekufa, kwa mate haijafa. Umeme unaobaki unatengeneza kitu kama magadi makali upande wa hasi, na saa mbili zinatosha kuunguza. Wiki nzima alilishwa kwa mpira wa puani. Sasa hivi yuko hapa anamvuta mwenzake nywele.

Kwangu hakuna betri inayotoka kwenye kifaa ikapita mezani.

Mkono Mzito
Dada, nimesimama. Mungu ashukuriwe.

Bwana Rahisi
Pole sana dada. Kwa anayesoma: mtapisheni haraka, au mpeni maziwa.

Zamu ya Usiku
HAPANA. Usimtapishe, itaunguza mara ya pili wakati inapanda. Mimi ni nesi. Kimbia hospitali, useme neno BETRI mlangoni, udai eksirei, hata kama mtoto anacheza. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12 tangu ameimeza, mpe asali njiani, vijiko viwili vya chai kila dakika 10, isizidi mara sita. Inapunguza makali, haitibu. Usikae nyumbani kutafuta asali. Chini ya mwaka mmoja usimpe.

Bwana Rahisi
Nimefuta kauli yangu. Asante sista.

Namba Haidanganyi
Na kifaa kinachofunguka kwa kidole bila skrubu, ama kiwekwe juu kabisa, ama kisiwepo nyumba yenye watoto. Zile za kipenyo cha milimita 20 ndizo mbaya zaidi, zinakaa sawasawa na koo la mtoto.

Zuhura wa Droo
Siku hizi kuna zenye ladha chungu, mtoto akitia mdomoni anatema. Nilinunua nikafurahi. Nikaweka kwenye kifaa kidogo cha kutafutia funguo, hakikuwaka. Nikabadilisha tatu, zote mpya! Kumbe ile rangi chungu imepakwa upande wa chini, na mguso wa kifaa changu unagonga hapohapo kwenye rangi. Kwenye mizani zinafanya kazi vizuri.

Kalipa
Usiikwangue, dada. Iache kwenye mizani, kwenye funguo weka ya kawaida.

Fundi Usiku
Mimi swali langu dogo. Mita yangu inasoma volti 3 kwenye CR2032 na bado rimoti haishiki. Betri nzima?

Namba Haidanganyi
Imechoka. Bila kuibebesha mzigo, betri kongwe nayo inasoma vizuri, ikibonyezwa inaporomoka. Mpya huwa inasoma zaidi ya 3.2.

Fundi Usiku
Basi nitaichaji.

Namba Haidanganyi
CR haichajiwi!! Inayochajiwa inaandikwa LIR, na ikijaa ina volti 4.2, kwa hiyo usiitie kwenye kifaa cha 3 kabla hujasoma. Hujajifunza na yaliyompata Mkono Mzito?

Bwana Rahisi
Mimi natumia hadi vidole vya mafuta na sijawahi kupata tatizo, wengine wanataka glovu.

Kalipa
Vidole ni hadithi ndogo. Koleo la chuma likishika juu na chini kwa pamoja ndilo linalonyonya betri. Na usizichanganye zikiwa uchi kwenye kikopo kama babu wa mwenzetu. Funika kwa selotepu, juu na chini, hasa unazotupa.

Kibibi
Na kipimajoto cha homa je? Kidogo sana kile.

Kalipa
Vingi LR41, ila fungua usome. Usikisie kwa macho.

Mkono Mzito
Wakuu, baada ya kumsoma Mama Pacha nimeenda kwenye droo. Nilikuwa na kumbukumbu ya tano zilizotumika. Nimehesabu nne. Nina mpwa wa miaka miwili hapa ndani.

Mama Pacha
Yuko wapi mpwa??

Zamu ya Usiku
Anatokwa na mate? Amekula? Jibu.

Mkono Mzito
Nimeipata. Ilikuwa imenasa kwenye sumaku ya bisibisi, bisibisi ileile niliyokuwa nimeishika muda wote ninatafuta. Mpwa amelala. Mdogo wangu ananiuliza mbona nahema hivi.