Natafiti origami kwenye uhandisi na nataka kuwa mwalimu, nianzeje darasani?

mkunjo_milima: Habari wadau. Niko mwaka wa pili PhD ya uhandisi mitambo, natafiti miundo inayokunjika kama origami (sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi), hasa mkunjo wa Miura, ambao karatasi nzima inafunguka na kukunjika kwa mvuto mmoja, ule wa mhandisi Koryo Miura wa Japani uliojaribiwa angani 1995 kwenye chombo cha Space Flyer Unit. Ndoto yangu ni kufundisha chuo. Juzi nimepewa saa moja na mwaka wa kwanza, nikaanza na matriksi, dakika kumi tu wote kimya wanachungulia simu. Imeniuma kweli maana hii kitu naipenda sana. Nifanyeje?

fundi_bawaba: Pole mkuu. Mimi nafundisha, achana na ubao kwanza, gawa karatasi. Wakunje msalaba wa kawaida, mistari ikutane kwa pembe mraba, wafungue halafu wajaribu kukunja yote miwili kwa mpigo. Haikubali, lazima mmoja ulale ndo mwingine ufuate. Sasa chukua karatasi nyingine, mstari mmoja uupinde kidogo pale katikati uwe kama V pana, na hapo mikunjo yote minne inatembea pamoja, ukivuta kona moja karatasi nzima inaitika. Wakishashangaa ndo unawapa hesabu: mikunjo 4 kwenye nukta, toa 3, inabaki 1, yaani ina njia moja tu ya kutembea. Wahesabu pia milima (mikunjo inayoinuka juu) na mabonde (inayozama chini), ikilala bapa ni 3 kwa 1 kila mara.

dada_paneli: Naunga mkono. Ila usiwaache kwenye karatasi, wape na kadibodi nene. Itagoma, unene unagongana. Ukihamisha bawaba chini ya paneli kwa milima na juu kwa mabonde, mistari ya bawaba haikutani tena kwenye nukta moja, na hapo ndo uhandisi wenyewe unaanza.

mkunjo_milima: Asanteni jamani!! Nimemjaribu nayo roommate jana, hajasoma hesabu tangu sekondari, akaniuliza "sasa mbona nikivuta upande huu inapanuka na upande ule pia?" Nimefanya modeli ya hilo jambo miezi sita na sikuwahi kuliuliza kirahisi hivyo, leo asubuhi nimeandika upya utangulizi wa sura ya tatu kuanzia na swali lake. Alhamisi naingia tena darasani, nimeshabeba rimu na kadibodi.