Naomba ushauri: bustani ya nyumbani Dodoma isiyotaka kazi nyingi

Habari wakuu. Nimehamia kwangu hapa Dodoma, mbele ya nyumba kuna uwazi wa kama mita 10 kwa 8. Nataka kijani, ila mimi na mama watoto tunarudi jioni, na mvua za huku mnazijua: zikikata Aprili, hadi Desemba ni vumbi tu.

Nimewaza mwarobaini mmoja wa kivuli, na mishubiri pembeni. Fundi ananishawishi nipande ua wa minyaa eti haudai maji, lakini utomvu wake ukiingia machoni ni balaa, nami nina watoto wawili wa chekechea. Michongoma nayo miiba mitupu. Nipande ua gani? Na mwarobaini niuweke mbali kiasi gani na ukuta?