Tangi la kwanza la samaki wa mapambo: 60x30x36, maji ya kisima, nianzie wapi?

SebuleYaTabata
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuweka tangi la samaki wa mapambo sebuleni, niko Dar. Fundi vioo amenipa vipimo vya sentimita 60 urefu, 30 upana, 36 kimo, kioo cha milimita 5. Maji ya nyumbani ni ya kisima, yana chumvichumvi. Ya bomba yanatoka kwa mgao. Mchanga nimeshachota ndoo moja ufukweni. Watoto wanataka wale samaki wa dhahabu, watano. Muuza samaki anasema nijaze maji leo, kesho nikachukue samaki. Ni kweli? Na hiyo ndoo ya mchanga nifanyeje nayo?

Chujio_Chafu
Mkuu, tuanze na la muuzaji maana ndilo linaloua samaki wengi. Si kweli. Kesho maji yatakuwa masafi kwa macho tu. Samaki anatoa amonia kupitia matamvua, na kinyesi chake pamoja na chakula kilichobaki vikioza vinaongeza amonia hiyo. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria walioshika kwenye sponji la chujio na kokoto: kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, jingine linageuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu hata zikiwa kidogo. Nitrati inavumilika, unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao wanakuja wenyewe, ila kufikia wingi unaotakiwa wanachukua wiki nne hadi sita. Joto la Dar linawasaidia.

Jaza maji, washa chujio usiku na mchana, na kila siku tupia chakula cha samaki kiasi cha kubanwa na vidole viwili, kana kwamba wamo. Kinaoza, bakteria wanapata cha kula. Siku za mwanzo maji yanaweza kuwa kama yale ya kuoshea mchele. Usiyamwage! Ni bakteria wengine wanaofumka, yatatulia yenyewe. Watu wengi hapo ndipo wanapomwaga yote, wanasugua tangi kwa sabuni, na kuanza upya bila kujua.

Kipimo cha matone (cha kupima amonia, nitriti na nitrati majini) ukikipata kinunue kabla ya samaki. Unasubiri amonia ipande kisha ishuke, halafu nitriti ipande nayo ishuke. Zote mbili zikisoma 0 huku nitrati ipo, tangi liko tayari. Njia ya mkato ninayoiamini ni moja: mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima akukamulie sponji lake chafu ndani ya tangi lako. Ule uchafu wa kahawia ndiyo mbegu yenyewe.

Samaki wa dhahabu achana nao. Mmoja anapita sentimita 15, anachafua maji kupindukia, na anapenda maji ya baridi kuliko ya kwetu. Hesabu: 60x30x36 ni lita 65 za kwenye karatasi. Ukiacha sentimita 4 juu na kuweka kokoto, unabaki na lita kama 52. Humo weka gapi (samaki wadogo wenye mikia ya rangi) 8 hadi 10, madume matupu, kwa awamu: wanne kwanza, waliobaki wiki mbili baadaye. Jike la gapi huzaa kila baada ya wiki nne hivi na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo hata ukimnunua peke yake atakujazia tangi.

KiooNaSilikoni
Mimi nachangia kioo tu. Milimita 5 kwa kimo hicho itashika, lakini fundi abandike mikanda ya kioo ya sentimita 4 kando ya ukingo wa juu, mbele na nyuma, la sivyo kioo kinatuna tangi likijaa. Milimita 6 ni bora.

Muulize anatumia silikoni gani. Inayofaa ni ile inayonuka siki wakati inakauka, na isiyoandikwa kwamba inazuia ukungu. Ya bafuni ina dawa ya ukungu, na dawa hiyo inaingia majini. Iache ikauke wiki nzima, kisha jaza maji tangi likiwa juu ya gazeti kavu, siku mbili. Gazeti litakuonyesha tone ambalo jicho halikuliona.

Uzito: maji kilo 52, kokoto kilo 14, kioo kilo 12. Karibu kilo 80 juu ya kieneo cha 60 kwa 30! Meza ya TV ya mbao za gundi ikilowa inavimba, na siku moja inakaa upande. Chomelesha stendi ya chuma, ipime kwa pima maji. Chini ya tangi laza lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye boksi la TV mpya, unene wa sentimita 1. Bila hilo, punje moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kukipasua. Na lisikae karibu na dirisha: jua linaleta mwani wa kijani kila mahali.

Ujiji_Ufukweni
Mchanga: chota kijiko, mimina siki. Ukitoa vipovu, una vipande vya makombe na matumbawe, yaani chokaa. Chokaa inayeyuka polepole, inaongeza ugumu wa maji na kupandisha pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua). Ndiyo maana wengi wanaukataza.

Lakini kabla hujaumwaga, kuna kitu kinaitwa Ziwa Tanganyika. Maji yake ni magumu na pH yake inakaribia 9. Samaki wa kule wanataka hasa hayo unayoyakimbia. Sijui kwa nini tunahangaika na samaki wa ng'ambo wakati Wazungu wanawaagiza wa kwetu. Yupo mmoja, Neolamprologus multifasciatus (duka zuri litamjua kwa jina hilo), hazidi sentimita 5, anaishi ndani ya gamba tupu la konokono. Tangi la 60 kwa 30 linatosha kundi la sita. Weka mchanga laini kina cha sentimita 5, maana wanachimba kutwa, na magamba mawili au matatu kwa kila samaki, mdomo wa gamba ukitazama juu. Utamwona mmoja anabeba mchanga mdomoni, anautema mlangoni kwa jirani, jirani anautoa na kuurudisha ulikotoka. Wawe peke yao, bila gapi.

Masharti mawili. Kwanza, mchanga uoshe mpaka maji yatoke meupe na ulimi usisikie chumvi. Ugumu na chumvi ni vitu viwili: sabuni ikikataa kutoa povu, maji ni magumu, ulimi ukisikia chumvi, ni chumvi. Samaki wa Tanganyika wanataka ugumu, hawataki chumvi ya bahari. Kisima chako kikiwa na chumvi ya kusikika, tumia ya bomba. Gapi wao wanavumilia chumvi kidogo. Pili, pH ikiwa juu amonia inakuwa sumu kali zaidi, kwa hiyo zile wiki nne hadi sita za mkuu Chujio hapo juu hazina mjadala.

Ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi saa 24 hadi 48 klorini iondoke. Klorini inaunguza matamvua na inaua hao hao bakteria uliowangoja mwezi mzima.

NjiroBaridi
Kwa wanaosoma kutoka Arusha, Iringa, Mbeya: ninyi mnahitaji hita, wati 50 kwa tangi hilo. Izimeni robo saa kabla ya kupunguza maji. Ikibaki nje ya maji ikiwa ya moto inapasuka.

SebuleYaTabata
Asanteni sana wakuu. Nimeamua gapi kwanza, na kokoto za mto badala ya mchanga. Wa magamba nitawafuata tangi la pili. Chujio gani? Umeme kwetu unaweza kukatika saa sita. Na jioni tunapuliza dawa ya mbu, ina shida?

Chujio_Chafu
Chujio la sponji na pampu ya hewa. Ni rahisi, na umeme ukikatika sponji linabaki wazi majini, bakteria hawakosi hewa haraka kama ndani ya chujio la kopo lililofungwa. Pampu iweke juu kuliko maji; ikikaa chini, fungia kwenye mpira wa hewa ile vali ndogo ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukizima maji yanafuata mpira hadi ndani ya pampu na sakafuni. Waya wa umeme uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, tone likiteremka liishie pale chini.

Saa sita bila umeme kwa gapi kumi si janga. Usiwalishe. Wakianza kuhema juu ya maji, chota kwa kikombe na mimina kutoka juu, dakika chache kila nusu saa. Joto likivuka 30 hali hiyo inakuja mapema zaidi, kwa sababu maji ya moto yanabeba hewa kidogo.

Chakula ni mara moja au mbili kwa siku, kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Kila wiki toa robo ya maji, lita 13, kwa mpira ukinyonya uchafu kwenye kokoto. Sponji likamue ndani ya hayo maji uliyotoa, kamwe si bombani.

Siku ya kuleta samaki, mfuko uelee robo saa ukiwa umefungwa, ufungue, uongeze kikombe cha maji ya tangi kila dakika tano kwa nusu saa, kisha wachote kwa wavu mdogo. Maji ya dukani mwaga nje.

Dawa ya mbu ndiyo ungekuja kuilia hapa. Dawa nyingi za kupuliza zinaua samaki kwa kiasi ambacho binadamu hahisi, na pampu yako inavuta hewa ya chumba na kuipeleka moja kwa moja majini. Zima pampu, funika tangi kwa nailoni mpaka pembeni, puliza chumba kingine ikiwezekana, fungua madirisha, na usiwashe pampu mpaka harufu iishe. Ndoo yako ya maji yanayolazwa nayo ifunike kwa nailoni wakati huo. Siku nyingine viluwiluwi wa mbu wakizaliwa humo, wachote kwa chujio la chai, wasuuze, uwatupie gapi. Hakuna chakula cha dukani wanachokikimbilia kama hicho.