Gego linauma wiki ya tatu: je, niendelee na vidonge?

Mkazi wa Tanga
Habari zenu ndugu zangu. Gego langu la chini limetoboka, na hii ni wiki ya tatu linaniuma, hasa usiku nikishajilaza, ambapo hupwita hadi sikioni. Humeza paracetamol mbili mbili mara tatu kwa siku, na maumivu yakizidi huongeza kidonge cha mchanganyiko wa diclofenac nilichouziwa duka la dawa. Je, naweza kwenda hivi hadi mwisho wa mwezi, nitakapopata fedha za matibabu?

Mfamasia
Pole sana. Kwanza soma pakiti ya huo mchanganyiko, kwa kuwa aghalabu kidonge kimoja hubeba diclofenac miligramu 50 pamoja na paracetamol miligramu 500. Mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuvuka gramu 4 za paracetamol kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500 kutoka pakiti zote. Zaidi ya hapo ini huumia, nalo halilalamiki mapema kama jino. Ukishauriwa ibuprofen, usiimeze pamoja na diclofenac, maana ni za jamii moja, na mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au ujauzito asizitumie bila ushauri wa daktari. Kuhusu mwisho wa mwezi, jibu langu ni hapana: tundu halizibwi na kidonge, na wala amoxicillin haitaliziba.

Bi Rukia
Mwanangu, mimi nilivumilia hivyo hivyo, nikisukutua maji ya chumvi na kubana karafuu, hadi siku moja maumivu yakakoma nikamshukuru Mungu. Kumbe mshipa wa jino ulikuwa umekufa. Baada ya muda ufizi uliota kijipu, shavu likavimba, nikashindwa kupanua kinywa hata kwa kijiko cha uji, na jino ambalo pengine lingezibwa likang'olewa.

Mfamasia
Uvimbe wa namna hiyo, ukiambatana na homa au shida ya kumeza, ni wa kukimbizwa hospitali usiku huo huo.

Mkazi wa Tanga
Nimesoma pakiti, na kweli ina paracetamol 500. Jana nilimeza vidonge 6 vya kawaida na 3 vya mchanganyiko, jumla 9. Naelekea hospitali ya wilaya sasa hivi, na pakiti zote mbili nimezitia mfukoni ili daktari azione.