Kata yetu imehesabiwa kuwa na mtandao, lakini vitongoji vya chini havina: nani hupima, na kwa kipimo gani?

Mwalimu_Ludewa

Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha sekondari ya kata wilayani Ludewa, upande ambao milima ya Livingstone inashuka ghafla hadi Ziwa Nyasa. Kata yetu ina mnara mmoja uliojengwa juu, karibu na ofisi ya mtendaji, na wanaoishi huko wanapata intaneti ya kuridhisha. Vitongoji vya chini, ambako ndiko shule na zahanati zilipo, havipati kitu mpaka mtu apande mwinuko mrefu. Manunuzi ya shule siku hizi yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa njia ya intaneti, kwa hiyo mkuu wa shule huacha ofisi na kwenda kutafuta mawimbi ili tu kununua chaki na mahindi.

Tuliandika barua kuomba mnara wa pili, tukajibiwa kwamba kata imekwisha kuhudumiwa. Sina nia ya kumlaumu mtu. Ninachotaka kuelewa ni nani huamua kwamba kata imehudumiwa, anatumia kipimo gani, na kama mwananchi ana njia yoyote ya kuipinga ramani inayosema hivyo wakati yeye mwenyewe hana huduma.

Fundi_wa_Minara

Mwalimu, nianze na kipimo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ramani nyingi za mtandao hazichorwi na mtu aliyepita kijijini na kifaa mkononi. Huchorwa na programu ya kompyuta inayopewa mahali mnara ulipo, urefu wake, nguvu ya mitambo na masafa yanayotumika, kisha inakadiria mawimbi yatafika wapi. Kwenye nchi tambarare kama Shinyanga makadirio hayo hukaribia ukweli. Kwenye ukingo kama wenu yanategemea sana ubora wa taarifa za miinuko ambazo programu imelishwa, na mnara ulio juu ya genge unaweza kuwafikia wavuvi walio mbali ziwani huku ukiwakosa wanaoishi chini yake, kwa sababu antena zimeelekezwa mbali na ukingo wenyewe unakinga mawimbi. Masafa ya chini, kama ya 700 MHz na 900 MHz, huenda mbali na hupenya kuta kuliko ya 1800 au 2600, lakini hata hayo hayapiti katikati ya mlima.

Kuna na jambo ambalo ramani hailioni kabisa, nalo ni umeme. Mnara usiofikiwa na gridi hutegemea sola, betri na jenereta. Dizeli ikichelewa kwa sababu barabara imekatika na mvua, ramani inabaki na rangi yake ileile.

Ushauri wangu ni kwamba mpime wenyewe. Simu janja nyingi huonyesha nguvu ya mawimbi katika mipangilio yake kwa namba hasi ya dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi, na kwa 4G namba iliyo chini ya hasi 110, mfano hasi 115, maana yake ni mawimbi dhaifu yasiyofaa kwa kazi ya uhakika. Andikeni mahali, saa, kampuni na namba, ndani ya nyumba na nje.

Mdau_Dodoma

Nijibu la nani anaamua. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kupeleka huduma kule ambako kampuni za simu haziendi zenyewe kwa kuwa biashara hailipi. Mfuko huainisha kata zenye uhitaji na kutangaza zabuni ya ruzuku, na katika zabuni hiyo anayeomba ruzuku ndogo zaidi ndiye mwenye nafasi nzuri. Gharama inayobaki, pamoja na uendeshaji wa kila siku, inakuwa juu yake. Utaratibu huo unaokoa fedha za umma, lakini unampa mshindi kila sababu ya kujenga mahali ambapo ni rahisi kufika na ambapo wateja ni wengi.

Sasa tazama mikataba iliyosainiwa Dodoma Mei 2023 chini ya mradi wa Tanzania ya Kidijitali, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ni minara 758 kwa kata 713, katika wilaya 127 za mikoa 26, na walengwa ni watu milioni 8.5 katika vijiji 1,407. Maana yake kata nyingi zimepangiwa mnara mmoja tu, na kila mnara kwa wastani unategemewa na karibu vijiji viwili. Kwa vijiji viwili vya Bariadi, kwenye tambarare, hesabu hiyo inaweza kutosha. Kwa milima ya Ludewa, Makete au Lushoto nina mashaka makubwa.

Siubezi mradi huo, maana wako watu ambao bila ruzuku wasingeona mnara kwa miaka mingi ijayo. Tatizo ni kwamba kata ni mpaka wa utawala, na mawimbi hayafuati mipaka ya utawala. Fuatilia vikao vya Bunge uone jinsi wabunge wanavyouliza lini kata fulani itajengewa mnara. Swali linaulizwa kwa kata, linajibiwa kwa kata, na kata ikishapata mnara inatoka kwenye mazungumzo. Kitongoji hakina safu katika jedwali hilo. Wenzetu wa Kenya angalau hupima pengo la huduma kwa kata ndogo, ingawa nako milima ipo.

Mtanga_Ughaibuni

Niko Minnesota, na huku Wamarekani wamepita njia hiyohiyo wakiwa na fedha nyingi zaidi. Kwa miaka mingi tume yao ya mawasiliano, FCC, ilikusanya taarifa kwa Fomu 477, ambayo kampuni ilijaza kwa kutaja maeneo madogo ya sensa inakotoa huduma. Nyumba moja tu ikiweza kuunganishwa, eneo zima lilihesabiwa kuwa na huduma. Mjini eneo hilo ni kama mtaa mmoja. Mashambani ni pakubwa sana. Mwalimu, hiyo ndiyo kata yako kwa jina jingine.

Mwaka 2020 ilipitishwa sheria ya kubadilisha utaratibu huo, na Novemba 2022 ikatoka ramani mpya inayoonyesha jengo moja moja. Mwananchi huandika anwani yake, huona ni kampuni ipi inadai kumhudumia na kwa kasi gani, kisha akitaka huwasilisha pingamizi, na kampuni hutakiwa ama kukubali ama kuleta ushahidi. Hili halikuwa pambo. Dola bilioni 42.45 zilizotengwa na sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 kwa mpango wa BEAD, wa kusambaza intaneti ya kasi, ziligawiwa majimbo Juni 2023 kwa kutumia ramani hiyo, na Texas peke yake ikapangiwa bilioni 3.3. Jengo lililokosewa kwenye ramani lilikuwa fedha iliyopotea kwa jimbo, ndiyo maana serikali za majimbo zenyewe ziliwahimiza wakazi wapinge.

Nisiwapambie lakini. Hatua za kuchora, kupinga na kupanga zilichukua miaka, na Juni 2025 utawala mpya ulibadilisha masharti, majimbo yakalazimika kurudia zabuni na satelaiti zikapata nafasi kubwa kuliko awali. Kabla ya hapo, mpango wa kuzipunguzia kaya zenye kipato kidogo hadi dola 30 za bili ya intaneti kwa mwezi uliishiwa fedha mwaka 2024. Kwa hiyo kuna nyumba ambazo ramani inasema kweli zimefikiwa, na mwenye nyumba hana cha kulipia.

Mfugaji_Simanjiro

Ndugu yangu wa Minnesota, ramani ya jengo kwa jengo inamfaa aliyejenga. Huku sisi boma linahama na malisho, na mwezi ambao tunahitaji mtandao kuliko yote, wa kuuliza mvua imenyesha wapi na bei ya mnada ikoje, ndio mwezi ambao hatuko mahali ambapo tulihesabiwa. Naomba wanaopima waweke na njia za mifugo, mabwawa na minada. Pia wasisahau kwamba wengi wetu bado tunatumia simu za kitochi, na mnara wa 4G hauifanyi kitochi ifungue intaneti.

Mwalimu_Ludewa

Nawashukuru nyote kwa moyo. Kupima tunaweza, wanafunzi wa kidato cha nne wataifanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi. Je, vipimo hivyo tupitishe kwa mtendaji wa kata tena, au tuwaandikie wahusika moja kwa moja?

Mdau_Dodoma

Mwalimu, msimruke mtendaji, ila barua isomeke tofauti na ile ya kwanza. Msiandike kwamba kata haina mtandao, kwa sababu hilo litakanushwa kwa mstari mmoja. Tajeni kitongoji kimoja kimoja, idadi ya kaya, shule na zahanati, pamoja na vipimo mlivyochukua. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliziingiza nyumba na taasisi kwenye NaPA, mfumo wa kidijitali wa anwani hizo, kwa hiyo mnaweza kuonyesha jengo liko wapi hasa. Ni ajabu kwamba taarifa hizo tunazo na hatuzitumii kuipima ruzuku. Wala msing'ang'anie mnara mrefu wa pili, kwa maana mtambo mdogo unaotazama ufukweni unaweza kutosha, na ombi dogo lina nafasi zaidi.

Barua ya kuomba upanuzi ielekezwe UCSAF kupitia halmashauri. Ile ya ubora wa huduma ya mnara uliopo iende TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iliyopo Mbeya, kwa kuwa yeye ndiye msimamizi wa leseni. Nakala za barua zote mbili mpeni mbunge wenu kabla ya Bunge la bajeti kuanza Aprili, na mwombeni aulize kwa vitongoji.